Kabla ya kutoboa tangi la samaki, jiulize stima ikipotea maji yataenda wapi

MAMA mmoja wa Nakuru ameniandikia barua ya kurasa mbili, na kwa jinsi alivyoikaza kalamu, naona ana jambo linalomkera. Yeye na mumewe wanaishi katika nyumba ya kukodi, orofa ya tatu. Mumewe, ambaye ni mpenzi mkubwa wa samaki wa kufugwa, amenunua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Sasa amekuja nyumbani na keekee ya stima. Anataka kulitoboa.

"Nimeona watu wakipeleka sufuria kwa fundi ili zizibwe matundu," anasema mama huyu. "Sijapata kuona mtu akinunua tangi zima kisha akalitoboa kwa hiari yake. Je, mume wangu ana akili timamu? Nimwache aendelee?"

Mama, mumeo hana kichaa. Kutoboa tangi kubwa la samaki ni jambo linalofanywa na mafundi na wapenzi wa samaki kote duniani, na lina manufaa yake. Lakini hofu yako si ya bure. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutoboa tangi kama hilo. Nilitoboa vizuri sana, tena kwa madaha, na hata hivyo nikamwaga jerikeni tano za maji sebuleni kwangu.

Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa nimepata tangi la ukubwa huo huo, nikaamua kufuga mbuna, wale samaki wa rangi ya samawati na manjano ambao kwao ni kwenye miamba ya Ziwa Malawi. Kioo hakikupasuka. Nilifunga mabomba, nikajaza maji, nikawasha pampu. Maji yakawa yanateremka hadi tangi la pili lililofichwa kabatini, yanachujwa, kisha yanarudishwa juu. Niliwaita majirani waje wajionee. Kwa wiki mbili nilitembea kifua mbele kama jogoo aliyewika kabla ya wenzake.

Usiku mmoja stima ikapotea. Hilo kwetu si jambo geni. Niligeukia upande wa pili nikaendelea kuuchapa usingizi.

Nisilolijua ni kwamba pampu iliposimama, maji hayakusimama. Lile bomba la kuyarudisha juu nilikuwa nimelizamisha sentimita 15 ndani ya maji, nikidhani litasaidia kukoroga uchafu wa chini. Sasa likageuza kazi. Badala ya kupandisha maji likaanza kuyanyonya na kuyateremsha, kama vile utingo anavyonyonya petroli kwa mpira kutoka tangi la gari hadi mtungini. Akishanyonya mara moja na petroli ikashika njia, haina haja ya kuvutwa tena. Inakuja yenyewe.

Tangi la chini likajaa, kisha likafurika. Maji yakapenya chini ya mlango wa kabati, yakatambaa chini ya zulia, yakaufikia waya wa kuunganishia stima ambao nilikuwa nimeulaza sakafuni kwa sababu ya uvivu tu.

Mwendo wa saa kumi alfajiri stima ikarudi. Kitinda mimba wetu, wakati huo akiwa na umri wa miaka sita, aliamka kwenda msalani, miguu mitupu. Mama watoto ndiye aliyesikia mlio wa cheche. Alitoka chumbani mbio na kupiga ukelele ambao hadi leo nausikia masikioni: "Simama hapo hapo! Usikanyage!" Kisha akanigeukia mimi: "Baba watoto, swichi kuu! Zima swichi kuu!"

Mtoto alisimama kwenye mlango wa sebule, hatua mbili kutoka kwenye maji. Hatua mbili tu, msomaji.

Zulia liliharibika, kabati likavimba, na kwa juma zima chakula kiliandaliwa kwangu bila neno. Lakini zulia hununuliwa jingine. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za kutoboa tangi, simwanzii kwenye keekee. Namwanzia kwenye swali moja: stima ikipotea, maji yataenda wapi?

Wala stima haiishi kupotea. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakaa bila stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani mwezi Agosti, ikaingia tena Novemba, ikaingia tena Desemba. Anayejenga tangi la samaki akitumaini kwamba stima itakuwako siku zote anajenga juu ya mchanga.

FAIDA YA TUNDU

Kila nyumba yenye tangi la maji darini ina bomba dogo linalotokeza nje ya ukuta. Mafundi wa bomba huliita ovafloo. Kazi yake ni kuyatoa maji yakizidi kiasi, yasije yakafurika juu ya dari.

Tundu la tangi la samaki ni ovafloo vilevile, ila lenyewe hufanya kazi saa zote ishirini na nne. Maji ya juu kabisa, yaliyobeba mafuta ya chakula na vumbi, humwagika kwenye tundu hilo na kuteremka hadi tangi la chini. Huko ndiko kuliko na chujio na kifaa cha kupasha maji moto. Pampu huyachukua maji yaliyosafika na kuyarudisha juu.

Manufaa yake ni mengi. Uso wa maji hukaa safi, na samaki hupata hewa vizuri. Kimo cha maji hakibadiliki, kwa sababu maji yanayokauka hupungua kwenye tangi la chini. Vyombo vyote vinavyoudhi macho hufichika kabatini.

Wako wanaokwepa kutoboa kwa kuning'iniza kisanduku nyuma ya tangi, chenye mpira wa kunyonya maji na kuyavusha juu ya ukingo. Hicho nakiogopa kuliko keekee. Hewa ikiingia kwenye mpira, maji hukoma kuteremka, na pampu haina habari. Huendelea kuyapandisha mpaka tangi la juu limwagike. Tundu lililotobolewa halihitaji kunyonya ili lianze kazi. Maji yakilifikia, yanashuka. Kwa hiyo, mama, mumeo amechagua njia iliyo bora.

HESABU

Sasa kalamu na karatasi. Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 huchukua lita 648 likijaa pomoni. Eneo la uso wake lina maana kwamba kila sentimita moja ya kimo ni lita 10.8. Ishike namba hiyo, kwani ndiyo itakayookoa sebule yako.

Tangi langu la chini lilikuwa la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, yaani lita 182. Nililijaza hadi sentimita 30, ambazo ni kama lita 121. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya lita 61 hivi. Bomba langu la kurudishia lilikuwa limezama sentimita 15. Zidisha 15 kwa 10.8 upate lita 162. Hizo ndizo zilizoteremka stima ilipopotea. Toa 61, zinabaki 101. Jerikeni tano za lita ishirini, na kikombe cha chai juu yake!

Hesabu hii ingenichukua dakika tano. Mtoto wa darasa la sita angeweza kunifanyia. Sikuifanya, kwa kuwa mawazo yangu yote yalikuwa kwenye keekee.

Dawa yake ni rahisi. Mdomo wa bomba la kurudishia usizame zaidi ya sentimita mbili. Maji yakishuka kiasi hicho, mdomo unavuta hewa, na mnyonyo unakatika papo hapo. Wengine hutoboa kitundu kidogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili kivute hewa. Ni kinga nzuri, lakini mwani na konokono hukiziba, kwa hiyo kisafishwe kila mara. Wengine huweka valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Hiyo usiitegemee peke yake. Chembe moja ya mchanga ikikwama ndani yake, haifungi tena.

Kukiwa na mpangilio mzuri, kinachoshuka stima ikipotea ni haya: maji yaliyokuwa juu ya ukingo wa kumwagikia, sema sentimita mbili, yaani lita 22, maji ya kisanduku cha ndani kinachozunguka matundu, sema lita 6, na maji yaliyomo mabombani, lita mbili au tatu. Jumla ni kama lita 30. Nafasi ya lita 61 inayameza na kubaki na nusu.

KIOO

Jambo la pili ni kioo chenyewe. Kuna kioo cha kawaida na kuna kioo kilichopashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafula ili kiwe kigumu. Hiki cha pili ni kama kile cha madirisha ya pembeni ya gari, ambacho kikivunjika humwagika chembe chembe kama mahindi. Hakitoboleki. Keekee ikikigusa tu na kukikwaruza, tangi zima linaweza kusambaratika mbele ya macho yako.

Matangi mengi ya dukani huwa na kioo hicho cha kukazwa kwenye sakafu, na kioo cha kawaida ubavuni. Muulize aliyekuuzia. Kama hajui, chukua kompyuta au televisheni yenye kioo bapa, iwake rangi nyeupe, uiweke nyuma ya kioo cha tangi, halafu utazame kwa miwani ya jua ile inayopunguza mng'aro wa maji. Ukiona mistari au madoa meusi kama kivuli cha majani, kioo hicho kimekazwa. Usikiguse.

Iwapo tangi bado halijaundwa, njia bora ni kumwomba mwuza vioo atoboe kipande cha nyuma kabla ya kuunganishwa. Kikipasuka, hasara ni ya kipande kimoja, wala si ya tangi zima.

Toboa kioo cha nyuma, karibu na juu, wala si sakafu. Washa ya mpira kwenye tundu la juu ikichoka miaka kumi ijayo, yatavuja maji yaliyo juu ya tundu hilo tu. Ikichoka washa ya tundu la sakafuni, zitashuka lita zote mia sita, na samaki watabaki wakitapatapa mchangani.

KEEKEE

Nunua kwanza kiungo cha bomba, kile mafundi wa matangi ya plastiki wanachokiita tangi-konekta. Ndipo ununue kikombe cha kutobolea kinacholingana nacho. Watu wengi hufanya kinyume. Viungo vya bomba la inchi moja havilingani. Vingi huhitaji tundu la milimita 45 hivi, lakini kila kiwanda kina kipimo chake. Tundu likishakuwa kubwa mno, halirudi kuwa dogo.

Kikombe hicho ni bomba fupi la chuma lenye chembe za almasi mdomoni. Hakikati kwa meno, husaga. Kwa hiyo hakitaki nguvu, kinataka subira na maji. Bandu bandu huisha gogo.

Kati ya tundu na ukingo wa kioo, acha kioo kizima chenye upana usiopungua upana wa tundu lenyewe. Na kati ya tundu na tundu, vivyo hivyo. Kwa tundu la milimita 45, acha milimita 45 au zaidi.

Laza kioo kikiweza kulala, juu ya ubao ulionyooka. Bandika utepe wa karatasi mbele na nyuma ya mahali pa kutoboa, na ubao mwembamba upande wa nyuma ili kioo kisibanduke vipande kikombe kitakapotokeza. Zungushia plastisini ya watoto iwe kama ukuta wa kisima kidogo, umimine maji ndani. Ikiwa tangi limesimama, mtu wa pili awe anarushia maji kwa chupa bila kukoma, na keekee iwe ya betri. Keekee ya waya na maji ni maadui.

Hakikisha swichi ya kugonga, ile inayotumiwa kutobolea ukuta wa mawe, imezimwa. Vaa miwani ya kukinga macho. Anza kwa mwendo wa chini, kikombe kikiwa kimeinama kidogo mpaka kichore mfereji mfano wa mwezi mchanga, kisha ukisimamishe taratibu. Uzito wa keekee wenyewe unatosha. Usilalie juu yake. Kioo cha milimita 12 chaweza kukuchukua dakika kumi au zaidi. Ukikaribia kumaliza, punguza nguvu hata zaidi, kwani hapo ndipo vioo vingi hupasuka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Na usianze na tangi. Nenda kwa mwuza vioo, umwombe vipande vya masalio, utoboe vitatu au vinne. Mimi cha kwanza kilipasuka, cha pili kikabanduka ukingo, cha tatu kikatoka kizuri. Laiti ningeanza na tangi!

Ukisha, lainisha kingo kwa msasa mwembamba uliolowa. Ingiza kiungo. Washa ya mpira hukaa upande wa maji, chini ya ule ukingo mpana wa kiungo, wala si upande wa nati. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo ya mzunguko. Hakuna haja ya kupaka silikoni. Anayekaza kwa spana kubwa kama anayefunga gurudumu la lori atasikia mlio mmoja mdogo, na kazi yake yote itakuwa imekwisha.

MABOMBA MATATU

Tundu moja latosha? La hasha. Bomba la inchi moja linaloteremsha maji yaliyochanganyika na hewa hubeba kama lita 2,000 kwa saa, kwa makadirio ya kawaida ya mafundi. Tangi la lita 648 lahitaji maji kuzunguka mara nne au tano kwa saa, yaani kama lita 3,000. Tena bomba moja likizibwa na jani au konokono, hakuna mwokozi.

Mpango ninaoupenda, ambao wapenzi wa samaki huujua kwa jina la BeanAnimal, una mabomba matatu. La kwanza hubeba maji matupu bila hewa, nalo hudhibitiwa kwa koki ya kufunga polepole, geti-valvu. La pili hubeba masazo yanayozidi, pamoja na hewa. La tatu mdomo wake uko juu zaidi ya yale mawili, na siku zote ni kavu. Hilo ni la dharura. Likianza kupitisha maji utasikia kelele, nawe utajua kuna jambo.

Bomba la dharura lisiwekwe koki ya aina yoyote, maana kuna siku mkono wa mtoto utaifunga. Liwe pia na uwezo wa kubeba maji yote ya pampu peke yake.

Epuka viwiko vya kona kali. Viwili vya mlalo hupitisha maji vizuri kuliko kimoja cha pembe mraba. Mwisho wa bomba la kwanza uzame sentimita mbili au tatu tu katika tangi la chini. Ukizama sana, hewa haipati pa kutokea, na bomba litachelewa kushika kazi stima inaporudi. Weka pia viungo vya kufunguka, yunioni, ili siku ya kusafisha usilazimike kukata bomba kwa msumeno.

Kisanduku cha kuzunguka matundu kiwe na meno kama kitana, ili samaki wadogo wasisafiri kwenda chini.

MAJARIBIO

Kabla samaki hajaingia, fanya majaribio manne, tena mchana, watu wakiwa macho.

La kwanza, jaza tangi na uliache siku nzima likiwa na karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, fungua ufunge upya.

La pili, washa pampu mpaka kila kitu kitulie, kisha uizime ghafula. Tazama tangi la chini likijaa. Yakibaki nafasi ya kutosha juu, vyema. Washa tena, na bandika utepe mwekundu palipo uso wa maji ya chini pampu inapofanya kazi. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote asijaze maji kupita utepe huo, awe ni wewe, mtoto au mgeni mwenye nia njema.

La tatu, ziba bomba la kwanza kwa kitambaa. Mabomba mawili yaliyobaki lazima yabebe maji bila tangi kufurika. Ziba la pili pia. La dharura libebe yote.

La nne, ziba yote matatu. Pampu itapandisha maji mpaka chumba chake kikauke. Swali ni kama maji hayo yatatosha nafasi ya juu ya tangi. Kama chumba cha pampu ni sentimita 30 kwa 45 na maji yenye kina cha sentimita 20, hizo ni lita 27. Tangi la juu likiwa na sentimita tatu tupu, lina nafasi ya lita 32. Hata siku mbaya kuliko zote, hakuna tone litakalogusa sakafu. Ila pampu isiachwe ikizunguka kavu. Izime mara moja.

STIMA NA UZITO

Nimeweka jambo hili mwisho, lakini kwangu ndilo la kwanza. Soketi na nyaya zipandishwe ukutani, juu ya kimo cha tangi la chini. Kila waya unaotoka majini uning'inie kwanza chini ya soketi, ndipo upande kuingia ndani yake. Tone la maji linalofuata waya litadondoka hapo chini, halitapanda. Mwite fundi wa stima aliyehitimu akufungie ile swichi inayokata stima yenyewe inapovuja kwenda ardhini. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na hatua mbili nilizokusimulia.

Kuhusu orofa ya tatu: maji pekee ni kilo 648. Kioo cha milimita 12 cha tangi hilo kina kilo 119 hivi. Ongeza mchanga, mawe na kabati, utapita kilo 800, yaani watu wazima kumi na wawili waliosimama mahali pamoja bila kuondoka. Sakafu za nyumba za kuishi aghalabu hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Hiyo haina maana kwamba sakafu itaporomoka, kwa kuwa uzito husambaa, lakini si jambo la kukisia. Mwoneni mwenye nyumba, naye awape mhandisi wa majengo. Asipokubali, mshukuruni, mtafute nyumba ya chini au tangi dogo. Kumbukeni pia kwamba sakafu yenu ndiyo dari ya jirani.

Basi, mama wa Nakuru, jibu langu ni hili. Usimnyang'anye mumeo keekee. Mwandalie chai, mketi mezani, umwambie: "Baba watoto, nionyeshe kwenye karatasi maji yatakwenda wapi stima ikipotea." Akikuonyesha, na mhandisi akikubali, mwache atoboe, tena umshikie chupa ya maji. Asipoweza kukuonyesha, keekee ingoje.

Na siku ya majaribio, usimwache yeye azime pampu. Zima wewe mwenyewe, bila kumwambia ni saa ngapi. Stima nayo haipigi hodi.

Kwetu nyumbani tangi bado lipo. Niliyafunga mabomba upya, na mama watoto ndiye aliyebandika ule utepe mwekundu. Yule kitinda mimba sasa amenizidi kimo, na ndiye anayewalisha mbuna. Kila stima inapopotea usiku, mimi huamka, nikamulika tochi chini ya kabati, nikaona maji yamepanda hadi pale pale tulipopigia hesabu na kusimama. Ndipo ninaporudi kulala.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.